Mto na Mto

Dukani mchanga umekwisha tangu asubuhi.
Kijana wa kaunta ananionyesha rafu tupu
kwa sauti ya chini, kama anayenipa pole ya msiba.
Nimerudi na nilichokipata: mirija mitatu ya silikoni,
turubai la buluu, na magunia manne
ya mchanga wa kujisaidia paka.
Hatuna paka.

King'ora kimelia Todmorden nzima.
Mto Calder uko nyuma ya yadi, hatua arobaini.
Jumamosi bata waliuvuka kwa miguu.
Leo una rangi ya chai ya jana
na unapitisha pipa la taka la mtu,
limesimama wima, kama abiria aliyelipa nauli.

Mwanangu Mbwana ameng'oa mlango wa kabati.
"Sentimita themanini na tisa," anasoma utepe.
Mwanya wa mlango wa mbele ni tisini na moja.
Mafuriko yote ya dunia yanaishi
katika hizo mbili zilizobaki.
Tumezishindilia sponji ya godoro, tumekaza skrubu,
na silikoni nimeilainisha kwa kidole, polepole,
kama ninayempaka mtoto dawa ya fizi.

Mifuko ikakosekana. Nikakumbuka foronya.
Kumi na nne, nilizozitarizi mwenyewe
miaka ile nilipodhani nitapata wageni wengi.
*Lala salama*, inasema moja. Nyingine: *Ndoto njema*.
Nimezijaza udongo wa bustani, mchanga wa paka,
mchele ulioingia fukusi,
nikazifunga shingo kwa kamba za viatu
na kuzilaza kizingitini, zikapandana kama matofali.

Kwetu neno ni hilo hilo moja:
mto unaoulalia,
mto unaokunyima usingizi.
Nimepanga mito kuuzuia mto,
na Bi Enid Greenwood, jirani, ambaye angecheka,
sina lugha ya kumchekeshea.

Yeye ananipigia kelele juu ya ukuta:
"Choo! Choo umekiziba?"
Kisha unakuja mpira wa mjukuu wake, umenyong'onyea.
Uusukume shimoni, anasema, halafu uujaze upepo.
Nimepiga magoti mbele ya choo na pampu ya baiskeli
nikipulizia mpira ambao hautachezwa tena.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa.
Mimi leo nimefanya yote mawili.

Umeme tumeuzima kwenye swichi kuu.
Tumekaa ngazi ya tano, tochi moja, biskuti.
Nje mto unasukuma ubao, na ubao haujibu.
Mbwana ananipiga bega: "Mama, imeshika!"
Imeshika kweli. Hakuna tone.

Saa tisa usiku zulia lilivuta pumzi.
Likainuka katikati, taratibu, kama tumbo la aliyelala.
Maji hayakuugusa mlango wala hayakupiga hodi,
yalitoka chini ya mbao za sakafu
kama mwenye nyumba anayepanda kutoka chumbani kwake.
Ngazi ya kwanza. Ya pili.
Hapo yakatulia, yakabaki kutusikiliza.

Alfajiri barabara ilikuwa imekauka kiasi cha kupita baiskeli.
Ndani kwetu bado ni magotini.
Nilisimama nikiutazama ukuta wangu
usiovuja hata kidogo,
ukiyafuga maji yetu kwa uaminifu wote.
Nikachukua kisu cha mkate.
Silikoni ile ile niliyoilainisha kwa kidole
nikaikata mstari kwa mstari,
Mbwana akavuta,
na sebule ikatoka barabarani
na viatu vyetu, kijiko kimoja, na bili ya gesi.

Bi Enid alikuwa nje na ufagio.
Hakusema nilikuambia. Hakuwa ameniambia.
Alisukuma maji yangu hadi kwenye mfereji
kisha akarudi kusukuma yake.

Mchanga wa paka ukilowa hugeuka saruji, sikujua.
Foronya sita nimezifua, zimekubali.
Nyingine ni mawe.
Ile ya *Lala salama* iko kwa Bi Enid,
inazuia geti lake lisijibamize na upepo.
Nikipita naisoma.